Zamu ya Kaloki

Mume wangu Kaloki alikuwa fundi wa kuchimba visima. Mwaka wa 2013, akiwa futi thelathini chini ya ardhi kule Kasikeu, ukuta wa kisima ulimwangukia. Wenzake walimfukua akiwa hai, akiongea, akiuliza kofia yake iko wapi. Lakini kutoka kiunoni kwenda chini hakusikia kitu tena.

Hospitalini tulikaa miezi miwili. Siku ya kutoka, nesi mmoja alinivuta kando akaniambia, "Mama, umgeuze kila masaa mawili, mchana na usiku. Usipomgeuza atapata vidonda. Na mtu kama huyu hauawi na mgongo, anauawa na vidonda."

Mimi naitwa Muthoki. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tisa na hatukuwa tumejaliwa mtoto. Nyumba yetu iko nje kidogo ya soko la Kathonzweni. Wiki za kwanza watu walijaa: ndugu zake, watu wa kanisa letu, majirani na unga wao na sukari yao. Wakamwombea mgonjwa, wakanywa chai, wakaenda. Baada ya mwezi wa tatu nilibaki na Kaloki na ile saa ya ukutani.

Kaloki ni mtu mrefu, mwenye mifupa mizito. Ili nimgeuze ilibidi nijifunge leso kiunoni, nipige goti moja kitandani na kuvuta kama mtu anayeng'oa kisiki. Nilifanya hivyo miezi kumi na mmoja. Usiku mwingine usingizi ulinishinda, na hapo ndipo kidonda kilipopata nafasi. Kilianza kama doa jekundu juu ya makalio. Kikawa kama sarafu. Kikawa kama kifuniko cha kikombe, na ukiangalia ndani unaona kitu cheupe ambacho sikutaka kujua ni nini.

Siku moja ya soko nilikaa nyuma ya gunia langu la kunde, nikasinzia. Nilipoamka, mama nisiyemjua alikuwa amekaa upande wa pili wa gunia akimpimia mteja kunde kwa mkebe wangu.

"Nimekuuzia mikebe saba," alisema. "Lala tena kidogo kama unataka."

Sikulala. Nilianza kulia, na kwa sababu alikuwa mgeni nilimwambia kila kitu, hata yale ambayo sikuwa nimemwambia mchungaji. Aliitwa Kalunde. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, na alikuwa ametoka upande wa Ikutha kutafuta mbegu ya ndengu. Alinisikiliza huku akiuza.

"Kwetu tuko familia kumi na moja," alisema mwishowe. "Tunapika chungu kimoja. Mtu mmoja wa kugeuzwa hatatushinda. Mlete."

"Na mtataka nini kwangu?"

"Unajua kupika?"

"Nilikuwa mpishi wa shule."

"Basi tayari."

Wiki mbili baadaye tulimlaza Kaloki nyuma ya pikapu juu ya godoro, tukashuka hadi Kibwezi na kuvuka mto Athi kwenda Ikutha. Vumbi lilitujaa puani. Kaloki alikuwa ameangalia juu njia nzima, na nilipomuuliza kama anaumia alisema, "Nyamaza kidogo. Ni mwaka mzima sijaona mawingu."

Mahali pale paliitwa Utanu, yaani furaha kwa Kikamba. Palianza na mwethya, kile kikundi cha majirani cha kusaidiana kazi ambacho Mkamba yeyote anakijua. Mwalimu Ndolo, mwalimu mstaafu wa kilimo, aliita mwethya wa kujenga bwawa la mchanga, ukuta wa kuzuia mchanga unaotunza maji ndani yake, kwenye korongo la shamba lake. Watu walifanya kazi miezi minne. Walikula pamoja, wakaimba pamoja, watoto wao wakalala wamerundikana kwenye turubai moja. Bwawa lilipokwisha, hakuna aliyekuwa na hamu ya kurudi kwake na kuwasha moto wa peke yake. Mwalimu akasema, "Kwa nini tuachane?" Alikuwa mjane bila mtoto, mwenye ekari sitini. Aliwagawia watu mahali pa kujenga nyumba, na shamba lenyewe likabaki la wote. Jiko moja, ghala moja, zizi moja la mbuzi. Mtoto akilia, mama aliye karibu ndiye mama yake.

Kando ya mlango wa jikoni palikuwa na ubao mweusi, na juu yake zamu za wiki: Jiko. Maji. Mbuzi. Shamba. Asubuhi yetu ya pili pale, Mwalimu alichukua chaki akaongeza neno moja chini: Kaloki. Na chini ya neno hilo majina kumi na mawili.

Nilishikwa na aibu. Mume wangu ameandikwa pamoja na mbuzi! Nilienda kumwambia, nikidhani atakasirika. Alicheka mpaka kitanda kikalia. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Kasikeu.

"Sasa mimi ni kazi inayojulikana," alisema.

Siku hiyo mchana Kalunde alinipeleka nyumbani kwake akanionyesha mkeka. Aliniambia nisitoke hapo mpaka mwili wenyewe uniamshe. Nililala kuanzia saa saba mchana hadi kesho yake jua likiwa limechomoza. Nilipokimbia kumwangalia Kaloki, nilimkuta amegeuzwa, ameoshwa, amenyolewa ndevu, na mwanamume aliyeitwa Munyao amekaa kando ya kitanda akimlalamikia habari za mbuzi jike anayemkataa mwanawe.

Kidonda kilichukua miezi mitano. Kalunde alikiosha kwa maji ya chumvi na kukipaka asali ya mizinga yetu, kama alivyoelekezwa na daktari wa zahanati. Siku kilipofunga kabisa, alileta kioo kimoja mbele na kingine nyuma ili Kaloki ajionee. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Huo ndio mgongo wangu?" aliuliza.

"Ni wako."

"Ni mzuri," alisema. Watu waliokuwa mlangoni walipiga makofi.

Nikisema ile ilikuwa miaka mizuri, siwadanganyi. Nilisimamia jiko la watu sitini. Siku ya isyo, yale mahindi na kunde zetu, ilibidi watu wawili wainue sufuria. Bilal, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Kitui mjini, na mkewe Nasreen walikuwa Waislamu pekee. Kila kuku na kila mbuzi alichinjwa na Bilal ili pasiwe na wa kukaa kando na sahani yake. Asubuhi sisi tulikuwa na maombi yetu, wao walikuwa na swala yao, kisha sote tulikutana kwenye uji. Bwawa lilishika maji, tukapanda sukuma na nyanya hata mwezi wa tisa. Wageni walikuja kutuangalia, wakapiga picha, wakaandika. Mwalimu aliwatembeza akiwa na fimbo yake, amesimama wima kama mtu wa miaka thelathini.

"Shida yetu Ukambani si mvua peke yake," aliwaambia. "Shida ni kwamba kila mtu anachota maji yake na kumpita mwenzake njiani."

Kaloki naye alipata kazi ambayo haikuandikwa ubaoni. Mtu akimgeuza, akimpaka mafuta, akimnyoosha miguu, ni nusu saa, na nusu saa mtu hakai kimya. Wanaume walimwambia mambo ambayo hawakuwaambia wake zao. Nasreen alimwambia kuhusu mimba zilizotoka. Mwalimu mwenyewe, zamu yake ilipofika, alifunga mlango. Kaloki hakunirudishia hata neno moja la watu. Nilimchokoza, akasema, "Wakijua nakuambia, watanigeuza kimya kimya. Nitakufa kwa kuchoka."

Moshi wa pili niliuona mwaka wa 2019. Nilikuwa nimewasha jiko alfajiri, nikatoka nje kuchukua kuni, nikaona moshi mwembamba nyuma ya nyumba ya Munyao. Nilidhani nyumba inaungua. Nilipofika nilimkuta mkewe Kasyoki amechuchumaa mbele ya mafiga matatu, anakoroga sufuria ndogo. Alishtuka kama mwizi.

"Mtoto wangu aliniuliza jana," alisema. "Aliniuliza, 'Mama, chakula chako wewe kina ladha gani?' Ana miaka sita, Muthoki. Hajui."

Ningemwelewa kama ningejipa muda. Lakini mimi niliona kitu kingine: leo moshi wa pili, kesho wa tatu, kesho kutwa ubao hauna majina. Nilimwambia Mwalimu. Ndiyo, ni mimi niliyemwambia.

Alikuja na ndoo ya maji. Alimwaga ile ndoo yote juu ya moto na juu ya sufuria, akageuka akaenda zake. Munyao alikuwa amesimama mlangoni, mikono imelegea. Kasyoki alipiga magoti kwenye majivu akaanza kuokota punje za mahindi moja moja na kuziweka kwenye kanga yake, na yule mtoto akimsaidia.

Hakuna aliyeondoka siku hiyo. Lakini tangu hapo watu walikula haraka. Nyimbo za jikoni zilipungua. Mmoja alisema mbuzi wake walikuwa wanene kuliko wa wenzake walipoingia zizini, mwingine akasema yeye hulima siku nne na fulani hulima mbili. Haikuwa uongo. Hakukuwa na mtu mbaya pale. Watu walikuwa wamechoka tu kukubaliana kila siku, juu ya kila kitu.

Kisha mvua ikakosa. Ikakosa tena msimu uliofuata, na uliofuata. Mwaka wa 2021 tulichimba mchanga wa bwawa futi mbili kupata maji, kisha futi tano, kisha mwanamume mzima akazama hadi mabegani na chini kukavu. Tuliuza mbuzi wakiwa mifupa. Familia moja ilienda kwa ndugu zao Mwingi. Nyingine ikafuata. Kila mmoja alikuja kumuaga Kaloki, na kila mmoja alilia. Mimi nilisimama nje na hasira zangu. Nilihesabu majina ubaoni: tisa, saba, sita. Masaa mawili yakawa matatu, matatu yakawa manne. Siku moja nilipomgeuza, nililiona tena lile doa jekundu.

Nilimlaani Munyao zaidi ya wote, kwa sababu nilimsikia akiulizia bei ya kukodi lori.

"Waliahidi," nilimwambia Kaloki. "Walisimama mbele ya Mungu wakaahidi kwamba hatutaachana."

Kaloki akasema, "Muthoki, nitakuambia kitu kimoja, cha kwanza na cha mwisho. Bilal anangojewa kazini Kitui mwaka mzima sasa. Munyao amepewa shamba na baba mkwe wake, lenye kisima. Kalunde ana binti Kasikeu anayemlilia aende kulea wajukuu. Wote wameniambia wakiwa wamenishika hivi, mkono mmoja begani na mwingine pajani. Na wote huishia pale pale: 'Lakini wewe je?' Mimi ndiye kufuli la boma hili. Watu wanakufa njaa hapa wakinionea haya."

Nilimjibu vibaya. Nilisema, "Wewe hujui uzito wako."

"Naujua," alisema. "Kila aliyeniinua nilikuwa naangalia uso wake."

Jumapili baada ya maombi aliomba abebwe mpaka kwenye banda la jikoni. Munyao na Bilal walimbeba na godoro lake, wakamweka juu ya meza ndefu tuliyokuwa tukikatia mboga. Familia tano zilizobaki zilikuwa pale, na Mwalimu Ndolo kwenye kiti chake.

"Nimewaita niwaage," Kaloki alisema.

"Unaenda wapi?" Bilal aliuliza, na watu wakacheka kwa sababu hawakujua la kufanya.

"Ni nyinyi mnaoenda. Mnataka kwenda, na mna haki. Nilikuja hapa nikiwa na kidonda cha kuniua. Miaka minane mmenigeuza. Kuna mtu hapa amewahi kugeuzwa miaka minane na watu ambao si ndugu zake? Mimi nimeshapata. Hakuna anayenidai na simdai mtu. Muvea. Muvea muno, asanteni sana. Nendeni kabla hatujaanza kuchukiana."

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa juu ya fimbo yake, mabega yakitikisika. Mwishowe aliinuka. Nilidhani atatoka nje. Badala yake alitembea polepole hadi aliposimama Kasyoki, akavua kofia.

"Mama," alisema, "kile chakula nilichokimwagia maji. Kila siku nakifikiria. Nilikosea."

Kasyoki alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Hakuuachilia. Nami nilijitokeza nikasema ni mimi niliyepeleka habari. Kasyoki akasema, "Nilijua, dada. Uliogopa."

Bilal alichelewesha safari yake wiki tatu. Alikusanya mabomba ya maji ya zamani, gia na mnyororo wa baiskeli, vyuma vya trela iliyovunjika, akaenda nayo Ikutha sokoni kwenye umeme. Alirudi na kitanda ambacho sijawahi kuona mfano wake. Kina mkono wa kuzungusha kwa pembeni. Ukizungusha taratibu, upande mmoja unapanda na mtu analala ubavu. Ukizungusha kinyume, anarudi. Munyao alijilaza wa kwanza kukijaribu, na watoto wakamzungusha huku na huku mpaka akaomba msamaha kwa sauti. Tulicheka siku ile kama watu ambao hawana njaa. Kisha nikajaribu na Kaloki. Kwa mkono mmoja nilimgeuza mume wangu, mtu ambaye nilikuwa nikimvuta kwa goti na leso.

"Usinizungushe sana," alisema. "Mimi si Munyao."

Tulirudi Kathonzweni mwezi wa nane mwaka wa 2022, kwa lori lile lile alilokodi Munyao. Alipitia kwetu kwanza, akashusha kitanda, akakifunga, akafagia nyumba, ndipo akaenda kwake. Sikuwa nimemwomba.

Wiki ya kwanza jirani yangu Mbithe alisimama kwenye uzio akauliza, "Mko aje, Muthoki?" Jibu la zamani, "Tuko salama," lilinijia mdomoni. Nililimeza.

"Hatuko vizuri sana," nilisema. "Siku za soko nahitaji mtu wa kumgeuza Kaloki saa nne na saa sita. Ni kuzungusha chuma tu, nitakuonyesha."

Mbithe alinikazia macho. Halafu akasema, "Kumbe ni hivyo tu? Miaka ile sote tulikuwa tunaogopa kukuuliza." Leo wako saba wanaokuja kwa zamu, wawili ni wanaume, mmoja ni wa kanisa lisilosalimiana na letu. Hatupiki chungu kimoja na kila mtu ana moshi wake. Kaloki anasuka vyondo alivyofundishwa na Kalunde, na anaendelea kusikiliza mambo ya watu.

Mwezi uliopita nilienda Ikutha kumwona Mwalimu Ndolo. Anafikisha miaka themanini na moja. Nyumba nyingi zimeanguka, lakini mvua zilirudi na bwawa lina maji tena. Majirani wa pande zote wanachota hapo. Nilimkuta anapika uji kwenye kisufuria kidogo, mbuzi wake wawili wamefungwa kando ya mlango.

"Umekuja kuangalia kushindwa kwangu," alisema, akinisogezea kigoda.

"Nimekuja kukusalimia."

"Nilitaka idumu, Muthoki. Nilidhani wajukuu wa wale watoto wangekulia hapa."

Nilimwambia nilichokuwa nacho. Nilimwambia Kaloki yu hai. Nilimwambia habari za wale saba wa Kathonzweni, majina yao na siku zao. Nilimwambia Kasyoki humpigia Kaloki simu kila Krismasi, na kwamba Bilal amewatengenezea watu wengine wanne kitanda kama kile, mmoja ni mtoto wa shule. Alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Uji ukafurika ukazima moto, na sote wawili hatukuuona.

"Wanne?" aliuliza.

"Wanne. Na wa tano yuko njiani."

Kisha akaniuliza kama nyumba yetu ina chumba cha ziada, kwa sababu macho yanamsumbua na kuni zinamshinda, lakini hataki kuwa mzigo. Nikamwambia mbuzi wake tutawaacha kwa jirani, achukue shuka na dawa zake twende.

Yuko kwetu tangu Jumatatu. Tangu afike yeye na Kaloki wanabishana kama ndengu zipandwe kabla ya mvua au baada ya tone la kwanza, na hakuna anayekubali kushindwa. Leo asubuhi aliniuliza zamu yake ni lini. Nimemwambia Ijumaa, saa nne.